Klodekoni: Sumu ya Migomba Katika Vyungu vya Martinique na Guadeloupe

Klodekoni ni dawa ya kuulia wadudu iliyotumika kwenye mashamba ya migomba ya Martinique na Guadeloupe, visiwa viwili vya Karibi vilivyo chini ya Ufaransa, kuanzia mwaka 1972 hadi 1993. Inakadiriwa kwamba tani 300 hivi za sumu yenyewe ziliingia ardhini katika miaka hiyo. Ndizi zilivunwa, zikapangwa kwenye maboksi na kupakiwa melini kwenda Ulaya, nazo zilikuwa karibu safi kabisa. Sumu haikusafiri nazo. Ilibaki kwenye udongo, ikaingia kwenye viazi vitamu, magimbi, mayai na samaki, na vipimo vilivyofanywa mwaka 2013 na 2014 viliikuta kwenye damu ya watu wazima zaidi ya 9 katika kila 10 wa visiwa hivyo.

Mdudu aliyelengwa ni yule yule anayewasumbua wakulima wa Kagera na Buganda: fukusi wa migomba. Jike hutaga mayai chini ya shina, na funza wake hutoboa njia ndani ya tunguu, sehemu nene iliyo ardhini ambayo ndiyo nanga ya mgomba. Mmea ulioliwa hivyo husimama kwa kubahatisha. Upepo ukivuma unalala chini na mkungu wake kabla haujakomaa, na Karibi ni nchi ya vimbunga. Dawa iliwekwa kwa njia nyepesi kabisa: kibarua alibeba ndoo, akachota gramu 30 hivi za unga wenye asilimia 5 ya klodekoni, akaumwaga kuzunguka shina, akaenda kwenye mgomba unaofuata. Wengi waliifanya kazi hiyo kwa mikono mitupu.

Klodekoni ni atomi 10 za kaboni zilizofungamana mfano wa kizimba, huku karibu kila upande ukiwa umezibwa na klorini, nayo ni atomi 10. Vijidudu vya udongoni, ambavyo kwa kawaida huvunjavunja kila kinachoangukia ardhini, havipati pa kuanzia. Jua haliifikii ikishazama. Mvua huichukua kidogo kidogo tu, kwa sababu dawa hii hupenda kung'ang'ania mboji kuliko kuyeyuka majini. Kwa mwenye shamba hiyo ilikuwa faida: dawa inawekwa mara moja au mbili kwa mwaka, basi.

Habari za madhara yake zilipatikana mapema, na kutoka mahali pasipo na migomba. Katika mji wa Hopewell, jimbo la Virginia nchini Marekani, kiwanda kidogo kilianza mwaka 1974 kuitengeneza dawa hiyo kwa jina la Kepone. Wafanyakazi wakaanza kutetemeka mikono, macho yakawa hayatulii, miili ikapungua, na baadhi yao walipopimwa walikutwa na mbegu chache za uzazi. Mwaka 1975 daktari mmoja alipeleka damu ya mgonjwa wake kwa wataalamu wa afya wa serikali kuu, na kiwanda kikafungwa mwaka huo huo. Taka zake zilikuwa zimeshafika Mto James. Uvuvi ukapigwa marufuku humo, na marufuku ikadumu zaidi ya miaka 10. Mwaka 1979 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka klodekoni katika kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani kwa binadamu. Makao ya shirika hilo yako Lyon, ndani ya Ufaransa hiyo hiyo.

Serikali ya Ufaransa haikuwa gizani. Tume yake ya wataalamu wa sumu ilikataa maombi ya dawa hii mwaka 1968, ikakataa tena mwaka 1969. Mwaka 1972 wizara ya kilimo ilitoa kibali cha muda cha kuiuza, kwa hoja kwamba dawa za awali zilikuwa hazimwezi tena fukusi. Februari 1974 vibarua wa mashamba ya ndizi Martinique waligoma. Walidai mishahara, na pamoja na mishahara walidai kuondolewa kwa dawa zenye sumu walizokuwa wakizimwaga. Huko Chalvet askari walifyatua risasi na kibarua mmoja akauawa. Watafiti wa taasisi ya kilimo ya Ufaransa yenyewe waliandika mwaka 1977, na tena mwaka 1980, kwamba sumu ilikuwa inarundikana kwenye udongo na kwenye viumbe wa visiwa hivyo. Lakini vimbunga David na Allen vilikuwa vimepiga mwaka 1979 na 1980, migomba imelala, fukusi wameongezeka, na wenye mashamba wanataka dawa. Mwaka 1981 kibali kipya kikatolewa kwa jina jingine la biashara, Curlone. Mwaka 1990 dawa ikafutwa Ufaransa, ila visiwa vikapewa ruhusa ya pekee ya kumaliza akiba, na ruhusa hiyo ikasogezwa mbele hadi Septemba 1993.

Hapa ndipo sera ilipopotea, na si kwa sababu ya kukosa wataalamu. Aliyekaa ofisini kutoa kibali aliulizwa maswali mawili: dawa inaua fukusi? Ndizi inayofika Ulaya ina mabaki? Majibu yalikuwa mazuri yote mawili. Mgomba huivuta klodekoni kwa shida hadi kwenye tunda, na mlaji hutupa ganda. Hapakuwa na fomu ya kuuliza ni mazao gani yangepandwa kwenye udongo ule mgomba ukishang'olewa, wala nani angeyala. Wizara ya kilimo ndiyo iliyotoa vibali. Wizara ya afya ndiyo iliyokuja kuikuta sumu, tena kwenye maji ya kunywa, mwaka 1999, miaka 6 baada ya kopo la mwisho kuruhusiwa.

Maji yalishughulikiwa haraka kuliko vitu vingine vyote. Baadhi ya chemchemi za kusini mwa Basse-Terre, kisiwa cha milima cha Guadeloupe, zilifungwa, na kwingine mitambo ya maji iliwekewa machujio ya makaa maalumu yanayonasa sumu. Ikadhaniwa jambo limedhibitiwa. Kisha mwaka 2002 shehena ya viazi vitamu kutoka Martinique ikakamatwa na wakaguzi katika bandari ya Dunkerque, kaskazini mwa Ufaransa, ikiwa na klodekoni. Viazi vya namna ile vilikuwa vikiliwa Martinique kila siku. Ilibidi vivuke bahari ndipo vipimwe.

Mazao hayapokei sumu hii kwa kiasi kimoja. Yanayokua ndani ya udongo ndiyo yanayoibeba zaidi: viazi vitamu, viazi vikuu, magimbi, karoti. Sehemu kubwa hukaa kwenye ganda na karibu na ganda, kwa hiyo kumenya kwa kina na kuosha vizuri hupunguza, ingawa hakuondoi yote. Matango na maboga, ambayo matunda yake hulala ardhini, huvuta kiasi cha kati. Nyanya, biringanya, maembe, mashelisheli na matunda mengine ya mitini huwa karibu hayana kitu. Familia yenye kishamba kwenye udongo uliochafuka inaweza basi kuendelea kulima, mradi ibadilishe inachopanda. Ushauri wa namna hiyo ni rahisi kuutoa kwenye kipeperushi. Kwa mtu ambaye chakula chake, cha mama yake na cha bibi yake ni gimbi na kiazi kikuu, ni kuambiwa aache kula.

Udongo nao una tabia zake. Martinique na Basse-Terre ya Guadeloupe zimezaliwa na volkano, na udongo mchanga wa majivu kwenye miteremko ya juu hunasa klodekoni nyingi sana lakini huiachia mimea kidogo. Udongo wa mfinyanzi wa kahawia, uliokomaa zaidi, hunasa kidogo lakini huiachia kwa wepesi. Ndiyo maana kipimo cha udongo peke yake hakitoshi kumwambia mkulima kama kiazi chake kitakuwa salama. Aina ya udongo lazima ijulikane. Makadirio ya mwaka 2009 yalisema sumu ingedumu miaka 60 hadi 100 kwenye udongo wa namna moja na hadi miaka 700 kwenye mwingine. Utafiti wa mwaka 2022 umeleta matumaini zaidi, ukionyesha kwamba inapungua kwa kasi kubwa kuliko ilivyodhaniwa na kwamba huenda ikaisha kwenye mashamba mengi ndani ya karne hii. Wanasayansi hawajakubaliana, na mkulima anasubiri wakiwa bado wanabishana.

Kutoka kwenye mimea sumu ilihamia kwa wanyama. Ng'ombe anapong'oa majani humeza na udongo. Kuku wa kienyeji hudonoa ardhi mchana kutwa, na klodekoni huhamia kwenye yai. Kwa ng'ombe ufumbuzi umepatikana: huhamishiwa kwenye malisho safi kwa miezi kadhaa kabla ya kuchinjwa, damu hupimwa, na nyama hutoka ikiwa inalika. Kuku wa uani ni shida zaidi, kwa kuwa hana cheti wala mkaguzi. Baharini, tope la mito lilibeba sumu hadi pwani, na wanaoishi chini na kulisha matopeni, hasa kaa, kamba na kamba-kochi, wakaathirika kuliko samaki wa maji marefu. Serikali ikachora ramani na kufunga sehemu za pwani kwa uvuvi. Mvuvi mwenye boti kubwa alisogea mbali. Mwenye ngalawa na mitego michache akakosa pa kwenda.

Ndani ya mwili wa binadamu klodekoni haikai milele kama inavyokaa ardhini. Wafanyakazi wa Hopewell walifuatiliwa baada ya kiwanda kufungwa, ikaonekana kwamba nusu ya kiasi kilichomo kwenye damu hutoka ndani ya siku 165 hivi, ini likiitoa kwa njia ya nyongo. Kwa afya ya umma hilo ni jambo kubwa: mtu akipata chakula safi, kiwango chake hushuka. Kinyume chake pia ni kweli. Aliye na klodekoni nyingi kwenye damu miaka 30 baada ya dawa kuachwa anaipata mezani, wiki hadi wiki.

Sumu hii huiga homoni ya kike, estrojeni, na madhara yake mengi yanaanzia hapo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 kuhusu wanaume wa Guadeloupe ulionyesha kwamba wenye kiasi kikubwa zaidi kwenye damu walikuwa na hatari kubwa zaidi ya saratani ya tezi dume. Visiwa hivi vina viwango vya saratani hiyo vilivyo miongoni mwa vya juu kabisa duniani. Si haki kuibebesha klodekoni mzigo wote, kwa kuwa wanaume wenye asili ya Afrika hupata saratani hiyo zaidi hata kwingine ambako dawa hii haikufika, na umri na urithi vina sehemu yao. Ila kwamba sumu inaongeza hatari, serikali ya Ufaransa imelikubali: tangu Desemba 2021 saratani ya tezi dume inatambuliwa kuwa ugonjwa wa kazi kwa waliofanya kazi na viuatilifu mashambani. Uchunguzi mwingine uliofuata akina mama wajawazito na watoto wao Guadeloupe umehusisha sumu hii na kujifungua kabla ya wakati na tofauti fulani katika makuzi ya watoto.

Namna ya kuilinda jamii ambayo tayari imeshachafuka ni kazi tofauti na kutoa vibali, na hapo Ufaransa imejifunza polepole. Chombo kikuu ni kiwango cha juu cha mabaki kinachoruhusiwa kwenye chakula, ambacho kwa mazao mengi ni mikrogramu 20 katika kila kilo. Kipimo cha pili ni kiasi ambacho mwili unaweza kukivumilia kila siku kwa maisha yote. Kwa miaka mingi kilikuwa mikrogramu 0.5 kwa kila kilo ya uzito wa mtu. Mwaka 2021 wakala wa Ufaransa wa usalama wa chakula ulikishusha hadi 0.17. Kwa mtu mzima wa kilo 60, hiyo ni mikrogramu 10 hivi kwa siku. Akila robo kilo ya magimbi yaliyo kwenye kikomo cha sheria, amepata 5 na amebakiwa na nafasi. Akila robo kilo ya magimbi ya uani kwake yenye mikrogramu 100 kwa kilo, amepata 25, yaani mara mbili na nusu ya kiasi chake cha siku, kwa sahani moja. Sheria humlinda yule anayenunua dukani, ambako mkaguzi hufika. Chakula kinachotoka kwenye bustani ya nyumbani, kwa jirani, kando ya barabara au kwa mvuvi anayemfahamu mtu hakipiti mbele ya mkaguzi yeyote, na uchunguzi wa damu umethibitisha kwamba wanaokula kwa njia hizo ndio wenye sumu nyingi zaidi. Mara nyingi wao ndio wenye kipato kidogo.

Kwa hiyo mipango ya serikali, ambayo ilianza mwaka 2008 na sasa iko kwenye awamu ya nne inayoishia 2027, imeacha kutegemea kikomo cha sheria pekee. Familia hupimiwa udongo wa bustani bure na kupewa ushauri wa nini cha kupanda. Waliomo kwenye maeneo yaliyochafuka huambiwa wasile mazao ya mizizi ya kwao zaidi ya mara 2 kwa wiki. Na tangu 2021 mtu yeyote anaweza kupimwa damu bila malipo. Kati ya hatua zote, upimaji wa udongo nyumba kwa nyumba ndio unaoelekea kuwa na maana kuliko nyingine. Unamfuata mlaji mahali chakula chake kinapotoka.

Mahakamani mambo yamekwenda kwa mwendo wa kinyonga. Mashtaka ya jinai yalifunguliwa mwaka 2006. Januari 2023 majaji wa Paris walikiri kwamba hii ni kashfa ya afya, kisha wakaifunga kesi kwa maelezo kwamba muda wa kushtaki ulikuwa umepita na ushahidi wa miaka hiyo ni mgumu kuupata. Machi 2025 mahakama ya rufaa ya masuala ya utawala, nayo ya Paris, ilitamka kwamba dola ilifanya makosa kuruhusu dawa hiyo na kuirefushia vibali, na kwamba wanaoweza kuthibitisha wasiwasi wao kwa vipimo wanastahili fidia. Fidia ya ugonjwa wenyewe imebaki kuwa ya watu wa mashambani, na ya watoto waliodhurika tumboni kwa sababu ya kazi ya wazazi wao. Aliyepata sumu kwa kula tu hana mfuko wake.

Kimataifa, klodekoni iliingizwa mwaka 2009 kwenye orodha ya Mkataba wa Stockholm wa kuondoa sumu zisizooza, mkataba ambao Tanzania, Kenya na Uganda ni wanachama. Dawa yenyewe haina sababu ya kuonekana tena Afrika Mashariki. Jamaa zake wameshapita: dieldrini, iliyo miongoni mwa sumu 12 za mwanzo za mkataba huo, iliwahi kutumika Uganda dhidi ya fukusi huyo huyo, mpaka fukusi mwenyewe akaizoea. Mgawanyo wa ofisi nao si mgeni. Tanzania, kibali cha kiuatilifu hutolewa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020 na yenye makao Arusha, wakati usalama wa chakula sokoni uko kwa Shirika la Viwango tangu 2019. Kenya pia bodi inayosajili dawa za wadudu si ile inayopima chakula. Wala kupima cha kuuza nje kwanza si jambo la Karibi pekee: mwaka 2013 Umoja wa Ulaya ulipoamua kukagua shehena 1 kati ya kila 10 za mishiri ya Kenya kwa sababu ya mabaki ya dawa, hasa dimethoeti, wasimamizi nchini walichukua hatua haraka, maana soko lilikuwa linaponyoka.

Tofauti kubwa iko shambani. Martinique ilikuwa na mashamba makubwa ya migomba mitupu, na viazi vilifuata miaka ya baadaye. Katika kibanja cha Kagera na kihamba cha Kilimanjaro hakuna kusubiri: chini ya mgomba mna kahawa, maharage, magimbi, pengine na viazi vikuu, na kuku wanachakura humo humo. Dawa iliyosajiliwa kwa ajili ya mgomba, ikiwekwa kwenye shina, imewekwa kwenye magimbi siku ile ile. Usajili unaotaja zao moja tu hausemi lolote kuhusu shamba la aina hiyo. Dhidi ya fukusi zipo njia zisizohitaji usajili wowote: kupanda machipukizi yaliyomenywa tunguu hadi nyama nyeupe ionekane na kuchovywa kwenye maji ya moto, na kutega vipande vya shina la mgomba vilivyopasuliwa, vikalazwa chini, kisha fukusi waliojikusanya usiku wakaokotwa na kuuawa. Kazi hiyo ya kuokota inachosha na lazima irudiwe, hasa wakati wa mvua, na ndiyo sababu kopo la unga litaendelea kuwa na wateja popote litakaporuhusiwa.